Baridi imenifanya mlafi, na mama anasema nimenawiri

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, umri wangu miaka 34, mzaliwa wa Mombasa. Kwa sasa niko Aberdeen, kaskazini mwa Scotland, nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Hii ni baridi yangu ya pili. Ya kwanza niliipita kwa ugeni tu. Kila kitu kilikuwa kipya, hata theluji niliipiga picha nikawatumia wa nyumbani. Hii ya pili imeniingia mifupani, na nimeona nikuandikie kabla sijaharibikiwa.

Shida yangu ni chakula. Nakula, mama. Nakula mpaka najiogopa.

Naingia kazini saa 2 usiku na kutoka saa 2 asubuhi, siku nne kwa wiki. Nikitoka bado ni giza. Nafika chumbani, navuta pazia, nalala. Nikiamka ni saa 9 alasiri, nafungua pazia na jua ndilo hilo linaaga. Saa 9 na nusu halipo tena. Kuna wiki zinapita siku nne mfululizo sijaliona vizuri. Basi nikiamka tu, njaa inaanza. Si njaa ya chakula chochote. Ni ya wanga na utamu: mkate, chapati, wali, chai ya sukari vijiko vinne. Samaki na mboga hata sivitazami.

Kila Jumapili napika mahamri 40 ya wiki nzima na kuyagandisha kwenye friza. Jumapili iliyopita nilikula tisa nikiwa nimesimama pale pale jikoni, mafuta bado yanachuruzika, ulimi unaungua, na sikuacha. Nilipokaa chini nililia. Kufika Jumatano friza ilikuwa tupu.

Kazini ndiko balaa zaidi. Familia za wazee hutuletea mikebe ya biskuti za siagi na chokoleti, meza ya chumba cha mapumziko imejaa. Ikifika saa 9 usiku, wazee wamelala, jengo lote kimya, mkono wangu uko ndani ya mkebe. Zikiisha natafuna vipande vya barafu kutoka kwenye friji, ili tu mdomo uwe na kazi. Barafu hii nimeizoea tangu Oktoba, na wenzangu hunicheka, kwamba nje baridi inakata na mimi natafuna barafu.

Tangu Septemba nimeongeza kilo 9. Sare ya kazi nimebadilishiwa saizi. Ngazi za ghorofa mbili zinanitoa pumzi. Siku zangu za mwezi zimekuwa nzito na ndefu. Siku nisizokwenda kazini nalala kwa muda wa saa 10 au zaidi na naamka kama sikulala. Marafiki wakinialika nasema niko kazini.

Nimejaribu kujizuia. Nina deni la siku 11 za Ramadhani iliyopita, na watu wa huku husema baridi ndiyo wakati wa kulipa kadha kwa kuwa mchana ni mfupi. Nikaona nitalipa deni na kupunguza mwili kwa mpigo mmoja. Nimefunga sita. Kufunga kwenyewe si kazi, mchana wote nimelala. Lakini magharibi ikiingia nafungulia tende, uji, mihogo ya nazi, mahamri, na siachi mpaka saa ya kuondoka kwenda kazini. Dada ninayekaa naye ameniletea majani ya chai ya kupunguza tumbo, nimeinywa siku tatu ikawa ni kukimbilia choo tu. Anasema nivumilie, ndiyo inafanya kazi.

Linalonikosesha raha zaidi ni mama yangu. Ana kisukari, mwaka wa nane huu, na dada yake mkubwa alikatwa mguu kwa ugonjwa huo huo. Yeye ndiye anayenilelea binti yangu wa miaka 9. Nikiwapigia kwa video, mama hushangilia: "Maashaallah, umenawiri mwanangu, Ulaya imekukubali!" Anaita majirani waje wanione. Nitaanzaje kumwambia kwamba huku kunawiri kwangu ni ugonjwa? Atapata usingizi? Na mimi ndiye nalipa karo, dawa zake, na tunamalizia kuezeka nyumba yake.

Mara nyingine nafikiri niombe kutolewa usiku, lakini usiku una malipo zaidi, na viza yangu imefungwa kwa mwajiri huyu, sitaki kuonekana msumbufu. Mara nyingine nafikiri nirudi nyumbani. Na mara nyingi zaidi nafikiri sina ugonjwa wowote, ni ulafi na uvivu wa nafsi, na dawa yake ni kujinyima kwa nguvu zaidi. Nisaidie kufikiri, mama.

Mlafi wa Aberdeen

* * *

Marahaba, mwanangu.

Jina ulilojipa chini ya barua sitakuita nalo. Nimeisoma barua yako mara tatu, na ninayemwona humo ni mtu anayekesha usiku nne kwa wiki akiwageuza wazee wa watu kitandani wasipate vidonda vya mgongo, anayelipa karo, dawa na mabati ya nyumba ya mama yake, na anayejua deni lake la saumu mpaka siku. Uvivu wa nafsi mimi sijauona. Nimeona mwili uliochoka unaoomba kitu, na wewe unaupa mahamri kwa sababu ndiyo yaliyo karibu.

Umeniuliza mambo yaliyosokotana: kama hiki ni ulafi au ugonjwa, kama umwambie mama, na kama uombe kutoka usiku au ufunge mizigo. Sitakukatia hukumu, kwa kuwa maisha ni yako na wewe ndiye unayeujua mfuko wako. Lakini nataka tukae tuvifungue vitu hivi kimoja kimoja, maana vingine umevifunga pamoja na havihusiani.

Tuanze na jua. Sisi hata saa zetu tumezipanga kwalo: linachomoza, tunahesabu saa moja, linazama, tunaanza tena saa moja ya usiku. Huko uliko hesabu hiyo imevunjika. Mwezi huu wa Desemba jua la Aberdeen huchomoza karibu saa 3 kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa 9 na nusu, mchana wote haufiki saa 7, na adhuhuri, alasiri na magharibi zimebanana ndani ya saa nne. Na hizo saa chache za mwanga wewe ndizo unazolala. Mtu aliyezaliwa mahali ambapo mchana ni saa 12 mwaka mzima, mwili wake haujawahi kufundishwa kuishi hivyo.

Kuna daktari mmoja mzaliwa wa Afrika Kusini, Norman Rosenthal, aliyehamia Marekani akaona nafsini mwake jinsi majira ya baridi yanavyomnyong'onyeza na majira ya joto yanavyomrudisha. Mwaka 1984 yeye na wenzake walichapisha maelezo ya sonona inayokuja na baridi na kuondoka nayo. Dalili walizoziandika ni usingizi mwingi usioburudisha, uchovu, kujitenga na watu, hamu kubwa ya wanga na vitu vitamu, na kuongezeka uzito. Rudi kwenye barua yako uisome ukiwa na orodha hiyo. Sisemi ndicho ulicho nacho, mimi si daktari na sijakuona. Nasema tu kwamba mambo unayoyaita tabia mbaya yameandikwa katika vitabu vya tiba kwa zaidi ya miaka 40, na yanawapata hata watu waliozaliwa kwenye theluji.

Na hiyo njaa ya saa 9 usiku nayo ina chanzo. Usingizi ukivurugika, homoni ya njaa hupanda na ile ya kushiba hushuka. Tena usiku wa manane mwili huimudu sukari vibaya kuliko mchana, hata kama chakula ni kile kile. Kwa hiyo mkono wako ukiingia kwenye mkebe saa hiyo, unashindana na mwili mzima uliotaka kuwa kitandani. Nidhamu peke yake haitoshi kushinda hapo.

Sasa kuna sentensi uliipitisha haraka, na hiyo ndiyo iliyonisimamisha. Barafu.

Mwanamke anayetafuna barafu kila siku, hedhi yake imekuwa nzito na ndefu, na ngazi zinamtoa pumzi, daktari akimsikia hufikiri kwanza upungufu wa madini ya chuma. Ni jambo moja na wale dada zetu wanaotafuna udongo, wengine wakiwa wajawazito na wengine la. Watu huona ni uraibu, kumbe mara nyingi damu imepungukiwa. (Na huo udongo ukiuona kwenye maduka ya Waafrika huko, usiununue. Mamlaka ya chakula ya Uingereza imewahi kuonya kuhusu udongo wa kula kwa kuwa hukutwa na madini ya risasi.) Upungufu wa chuma huchosha mtu kiasi cha kutafuta nguvu ya haraka, na nguvu ya haraka ni sukari. Tezi ya shingo ikilegea nayo huleta uchovu, uzito, hedhi nzito na kuhisi baridi kupita wenzako. Unaona basi kwa nini sipendi hili neno ulafi? Linafunga mlango kabla hatujajua nani yuko ndani.

Hapa ndipo nitakapokusisitiza kidogo kuliko kwingine. Nenda kwenye kliniki ya mtaa uliyojiandikisha, na kama hujajiandikisha, fanya hivyo wiki hii. Mweleze daktari kilo 9, hedhi, barafu, usingizi, na umwambie wazi kwamba mama ana kisukari. Omba damu ipimwe wingi wake na akiba ya chuma, tezi, na kile kipimo cha sukari kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita. Dawa atakazokuandikia hutazilipia, Scotland iliondoa malipo hayo tangu 2011. Vidonge vya chuma usijinunulie kabla ya majibu. Kuna moja unaloweza kuanza leo: chai nzito pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua chuma cha mboga na nafaka, kwa hiyo iache ikae mbali na mlo, kama saa moja hivi.

Mwambie pia kuhusu ile Jumapili, mahamri tisa, na kulia. Najua utataka kuificha. Kula kwa kasi bila kuweza kujizuia, kisha kujichukia, ni jambo ambalo lina tiba yake, na watu wanaolitibu hawashtuki wakilisikia. Wanachosema wengi wao ni kwamba kujinyima kwa nguvu ndiko kunakolichochea. Mtu anafunga kinywa kutwa, akifungua kinakuwa mafuriko. Si ndivyo ulivyonieleza mwenyewe?

Na hapo tumefika kwenye kadha. Sitaingia kwenye hukumu za dini, muulize shehe wa msikiti wa huko. Nataka tu uitazame nia yako kwa upole. Umeweka nia mbili katika saumu moja, na naona zinavutana. Saumu ya kulipa deni ina utulivu. Ukifungua, unashukuru na basi. Saumu ya kupunguza kilo inakuweka ukihesabu mpaka magharibi, na magharibi ya huko inaingia saa 9 na nusu, jioni ndefu yote iko mbele yako na chakula kiko mezani. Nyumbani mtu akifuturu, ale, aswali, apige soga, usingizi unamchukua. Wewe baada ya futari una saa nne na zaidi peke yako chumbani, kisha usiku mzima wa kazi. Umebakiza siku tano, na Ramadhani ya safari hii inaingia mwezi wa pili, muda bado upo. Kama damu itakutwa imepungua, muulize daktari na shehe kabla ya kuendelea. Kuna ruhusa kwa mgonjwa, wewe unazijua kuliko mimi.

Ile chai ya dada, soma pakiti yake. Nyingi za namna hiyo ndani zina sanamaki, ile ile bibi zetu walituchemshia tumbo likifunga. Inatoa maji na choo, mizani inashuka kesho na kupanda keshokutwa, mafuta ya mwilini hayajaguswa. Ukiizoea, utumbo hulegea na chumvichumvi za mwili huvurugika. Yeye amekuletea kwa kukupenda, nayo unaweza kuiweka kando bila kumgombeza.

Kuhusu mwanga, zipo taa maalumu zenye nguvu ya lux 10,000. Mtu huziweka mbele yake kama nusu saa anapoamka, macho wazi, bila kuikodolea taa yenyewe. Ushahidi wake haujakubaliwa na wote, lakini wengi zinawasaidia. Shida yako ni kwamba ushauri wa kawaida unasema "asubuhi", na asubuhi yako ni saa 9 alasiri. Kujimulika saa 2 asubuhi ukitoka kazini kunaweza kukuibia usingizi ulionao. Muulize daktari saa inayokufaa, na kama una tatizo la macho, au umewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, mwambie kabla hujainunua. Isiyo na bei ni kutoka nje. Siku tatu ambazo huendi kazini, toka adhuhuri, uvae viatu visivyoteleza, utembee hata dakika ishirini. Mbingu ikiwa imefunga mawingu, bado mwanga wa nje ni mara nyingi zaidi ya ule wa taa ya chumbani. Vitamini D usiiache: huduma ya afya ya Uingereza hushauri mikrogramu 10 kwa siku wakati wa baridi, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi mwaka mzima, bila kupita 100. Na chanjo ya homa ya mafua uulize kazini, mnaokaa na wazee msiikose.

Kuhusu chakula chenyewe, kuna kitu nataka ukifikirie tofauti. Unayaona mahamri kama adui. Mimi nadhani Jumapili jikoni mwako, iliki na tui vikinukia, ndiyo saa pekee ya wiki chumba chako kinapofanana na kwenu. Ukiiondoa, utabaki na nini? Labda swali ni unayala na nani. Je, ukipika 12 badala ya 40, ukachemsha mbaazi za nazi, ukamwita huyo dada mkakaa chini na sahani, ingekuwaje? Sijui. Jaribu uone.

Kabla ya kwenda kazini, kula mlo wa kweli, si chai na mkate. Mayai, kunde, au samaki. Makrili wanaouzwa huko ni jamaa ya vibua vyetu, wana mafuta mazuri na vitamini D ndani yake, na wa kopo ni rahisi. Sukuma nayo usidhani ni chakula cha ugeni huko, Waskoti wameilima kwenye bustani zao karne nyingi. Kazini nenda na chupa yako ya uji wa oti usio na sukari nyingi, unywe saa 6 au 7 usiku, kabla ya ile saa 9 kukukuta mtupu. Biskuti mbili ukitaka, ziweke kwenye kisahani ukae nazo. Ukila tatu, hujaharibu kitu.

Sasa zamu. Umechanganya kubadilisha zamu na kubadilisha mwajiri, na hofu ya viza imefunika vyote viwili. Viza yako iko kwa mwajiri. Kuhamia mchana kwa mwajiri huyo huyo, kwa saa zile zile, ni mazungumzo ya ratiba. Kupunguza saa ni jambo jingine, linagusa mshahara ulioandikwa kwenye kibali chako, usilikubali kabla ya kumuuliza mtu anayejua sheria hizo. Lakini kuna mlango ambao huenda hukuambiwa. Tangu kanuni za muda wa kazi za 1998, mwajiri wa Uingereza anatakiwa kumpa mfanyakazi wa usiku nafasi ya kupimwa afya yake bila malipo, na ikionekana kazi ya usiku ndiyo inayomdhuru, ahamishiwe mchana pale inapowezekana. Ukiomba upimaji huo hujalalamika wala hujamshtaki mtu. Hatari yake ni hela: keti na kalamu uandike usiku unakuongezea kiasi gani kwa mwezi, na uweke kando yake unachotumia kwa chakula cha ziada, chai za tumbo na nguo mpya. Huenda bado usiku utashinda. Huenda ukaona unaweza kuomba mchana wa Januari mpaka Machi tu. Au ukaomba usiku zako nne zifuatane ili siku tatu za mchana ziwe kamili. Meneja anaweza kukataa, na utabaki hapo hapo ulipo leo, ila ukiwa umesema.

Kurudi nyumbani si kushindwa, na ukirudi nitakuwa wa kwanza kukupokea kwa maneno mema. Ninachokuomba ni kimoja. Usiamue Desemba. Huko siku hurefuka haraka sana. Mwisho wa Machi mchana umeshapita saa 12, na Juni unakaribia saa 18. Likitazame swali hilo tena ukiwa umeliona jua na majibu ya damu yako mkononi. Kama bado moyo utasema nyumbani, utakuwa umesema wewe.

Na mama. Unadhani ukimwambia utamvunja. Nakuuliza hivi: huyu ni mwanamke aliyeishi na sukari miaka minane, anayejitoboa kidole na kusoma namba, aliyeuguza dada yake. Katika watu wote unaowajua, nani anaelewa zaidi yake maana ya mwili kuongezeka kilo 9? Anaposema umenawiri, huenda anatazama uso ulioko kwenye simu na kujituliza kwamba mwanawe anakula. Au huenda ameshaona macho yako yamechoka na anashangilia ili asikuulize mbele ya majirani. Mama zetu wana namna hiyo. Ipo hatari kwamba atakosa usingizi, kweli, na kwamba ataanza kukupigia kila saa. Ipo pia hatari ya upande wa pili, kwamba utaendelea kutabasamu kwenye simu mpaka simu yenyewe uikimbie kama ulivyowakimbia marafiki. Huna haja ya kumwaga yote. Unaweza kumwambia kipande kimoja tu: "Mama, nimeongezeka na naona si kwa uzuri, nakwenda kupima damu. Wewe ulianza vipi kupunguza sukari kwenye chai?" Mtu aliyeulizwa ushauri huogopa kidogo kuliko aliyepewa habari.

Kama siku yoyote mawazo yatageuka ukaona heri usiwepo, usisubiri barua yangu. Piga 116 123, simu ya Samaritans, wanaowasikiliza waliokata tamaa, ni bure usiku na mchana, na anayepokea hakujui wala hatakuuliza viza.

Jambo la mwisho, nimekaa na saa na ramani nikalihesabu. Desemba hii jua la Mombasa linazama karibu saa 12 na nusu jioni, ambayo huko Aberdeen ni saa 9 na nusu. Yaani saa ile ile unayofungua pazia na kuliona linaondoka, mama yako na binti yako nao wanasikia adhana ya magharibi, jua likizama. Ndiyo saa njaa yako inapoanza. Jaribu kuwapigia wakati huo, majirani wakiwa kila mtu kwake, simu uiegemeze kwenye sufuria huku ukikaanga mayai yako. Mwache mtoto akusomee hesabu zake za shule.

Na majibu ya damu yakitoka, niandikie, hata kama ni mistari miwili.